Nyumba za Mawe za Lamu na Amana ya Mafundi Wake

Miongoni mwa amana tulizoachiwa na wazee wa mwambao wa Afrika Mashariki, nyumba za mawe za Lamu zina daraja ya pekee, kwa sababu mji huo, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, haukuheshimiwa kwa kuwa gofu lililohamwa na watu, bali kwa kuwa mji unaokaliwa, wenye misikiti inayosaliwa, vichochoro vinavyopitwa na punda, na milango inayofunguliwa kila alfajiri na wenyewe. Heshima hiyo iliongeza wageni, na wageni wakaleta mali. Na mali, pamoja na kheri zake, ikaleta suala ambalo hapana ampendaye Lamu awezaye kulikwepa: ni kitu gani hasa kinachohifadhiwa tusemapo kwamba nyumba imehifadhiwa?

Nyumba zilizo bora katika hizo zilijengwa katika karne ya 18, wakati biashara ya bahari ilipoistawisha miji ya visiwa vya Lamu. Kuta zake, zenye unene wa karibu nusu mita, ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Dari zake hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haihimili uzito wa mawe na chokaa ikizidi urefu wa mita tatu hivi, vyumba vyote vilikuwa vyembamba na virefu. Mgeni alipokewa katika daka, palipo na mabaraza ya kukalia mbele ya mlango. Akipewa idhini zaidi aliingia hadi kiwandani, ua ulio wazi kwa anga, au akapelekwa sabule, chumba cha wageni. Lakini misana, yaani kumbi ndefu zilizofuata ua, na zaidi ya misana ile sehemu iitwayo ndani, ilikuwa ya watu wa nyumba, na hasa ya wanawake wake.

Huko ndani, mahali pasipofika macho ya mpita njia, ndiko fundi alikomaliza ustadi wake. Ukuta mzima ulipangwa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zimenakshiwa katika chokaa, na ndani yake zikawekwa sahani za kauri zilizoletwa kwa jahazi kutoka nchi za mbali. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuuonya moyo juu ya hadaa ya dunia katika Al-Inkishafi, aliyatazama magofu ya Pate, mji wa kisiwa jirani, akazitaja zidaka zilizogeuka makazi ya ndege, naye alijua kwamba kila amsikiaye atafahamu mara moja ukubwa wa msiba huo.

Chokaa yenyewe ilikuwa elimu. Mawe ya matumbawe yalipangwa juu ya tanuri la magogo lililoviringwa, yakachomwa mpaka yakaiva, kisha yakaachwa nje yalainishwe na mvua na umande, yakachungwa, yakachanganywa na mchanga. Na fundi alichonga nakshi zake kabla lipu haijakauka. Ukuta wa namna hiyo hupokea unyevu na kuutoa. Ukipakwa saruji, maji na chumvi hufungiwa ndani, jiwe likamomonyoka na boriti ikaoza, hali uso wa nje bado unang'aa. Hivyo nyumba yaweza kupendeza machoni pa mtalii mwaka huu, kumbe matengenezo yale yale yaliyoipendezesha ndiyo yanayoiua.

Wala haifai kudhani kwamba kulinda asili ni kuuzuia mkono wa fundi usizue jambo. Muhamadi Kijumwa, mshairi, mwandishi wa hati na mchonga milango wa Lamu aliyefariki katika miaka ya 1940, alichonga kwa namna yake hata mtindo mmoja wa nakshi ukaitwa kwa jina lake, na leo mtindo huo ni sehemu ya urithi. Wataalamu waliokutana Nara, Japani, mwaka 1994 walikiri kwamba uhalisi wa urithi hupimwa kwa mizani ya utamaduni uliouzaa. Nayo mizani ya Lamu ni fundi aliyefunzwa na fundi, akijenga kwa ajili ya watu wanaoishi humo.

Insafu yatupasa kukiri kwamba fedha za wageni zimeokoa nyumba nyingi zilizokuwa karibu kuanguka, na kuwapa waashi na wachongaji riziki. Lakini wenyeji wanapouza nyumba za babu zao na kuhamia pembezoni mwa mji, daka likafungwa, na ndani pakawa mahali pa kupigia picha, basi mpango ule wa stara uliowapa kuta hizo maana huwa umevunjwa bila jiwe moja kuondolewa. Kwa hiyo kila kazi ya kutengeneza nyumba ya kale na iwe pia chuo, yenye vijana wa mji chini ya fundi mkuu. Na mwenye nyumba asaidiwe kuitengeneza na kuipangisha kabla hajalazimika kuiuza. Ukuta wa Lamu ukianguka hali mafundi wapo, utajengwa tena kwa chokaa ile ile; mafundi wakitoweka hali kuta zimesimama, tutakuwa tumebakiwa na kazi ya kungoja siku ya kuanguka kwake.