Reli ya Voi–Taveta: Ilizaliwa vitani, ikanyamazishwa na mpaka

Na Mwandishi Wetu

MSAFIRI anayetoka Voi kwenda Taveta kwa barabara huandamana na reli kwa mwendo mrefu bila kuitambua, kwani sehemu kubwa imemezwa na vichaka. Tawi hilo la zaidi ya kilomita 100, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kiungo pekee cha reli kati ya Kenya na Tanzania, halikujengwa kwa ajili ya katani wala abiria. Lilijengwa kubeba wanajeshi.

Mnamo Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka na kuuteka mji wa Taveta. Kutoka upande huo vikosi vyao vidogo vilipenya nyikani kwa miguu na kutega baruti kwenye Reli ya Uganda, iliyotegemewa na Waingereza kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria.

Kwa Waingereza, adui wa kwanza alikuwa kiu. Nyika iliyo kati ya Voi na Taveta ni kavu, na jeshi kubwa halingeweza kuivuka kwa kutegemea wanyama na wapagazi pekee. Mapema mwaka wa 1915, mafundi wa kijeshi kutoka India walianza kutandaza reli kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura. Kufikia Juni walikuwa Maktau, na maji yakavutwa kwa bomba kutoka vilima vya Bura.

Maktau, ambayo leo msafiri huipita bila kusimama, iligeuka kambi kubwa ya kijeshi. Makaburi ya wanajeshi wa Kihindi yangalipo hapo. Kutoka kambi hiyo Waingereza walishambulia ngome ya Wajerumani huko Mbuyuni mwezi Julai 1915, wakashindwa. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini nao walirudishwa nyuma kwa hasara katika kilima cha Salaita. Mwezi uliofuata, chini ya Jenerali Jan Smuts, Taveta ilikombolewa na mapigano makali yakafuata katika vilima vya Latema na Reata.

Reli ilifuata nyuma ya jeshi hatua kwa hatua. Mwaka huohuo ilivuka mpaka na kuungana, upande wa Kahe, na reli ya Usambara ambayo Wajerumani walikuwa wameifikisha Moshi kutoka Tanga mwaka wa 1911. Mataifa yaliyokuwa yakipigana yalikuwa yamechagua upana uleule wa reli, mita moja, kwa hivyo mabehewa ya upande mmoja yangeweza kupita upande wa pili bila kupakuliwa.

Vitabu vya vita hiyo huwataja majenerali kwa majina. Wapagazi wa Kiafrika, wale ambao kikosi chao kiliacha jina la Kariakoo, walifariki kwa makumi ya maelfu katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi, na wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Baada ya vita, Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Waingereza, reli ya dharura ikawa njia ya biashara. Kahawa ya Kilimanjaro ingeweza sasa kufika bandari ya Mombasa. Mwatate ilizungukwa na mashamba ya katani, na Bura ilikuwa na misheni ya Kikatoliki tangu 1892. Baada ya Maktau gari la moshi lilikata nyika ambayo tangu 1948 imo katika mbuga ya Tsavo, kabla ya kufika Taveta, mji wa soko na ndizi.

Umuhimu wa tawi hili ulizidi mwaka wa 1963, ilipokamilika reli ya kuunganisha njia ya Tanga na Reli ya Kati huko Ruvu. Behewa lililopakiwa Mombasa lingeweza kupita Voi, Taveta na Korogwe hadi Dar es Salaam au Kigoma, chini ya shirika moja la reli.

Hali hiyo ilidumu miaka 14 tu. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Shirika likagawanywa. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka wa 1983, kila nchi ilikuwa na shirika lake na madeni yake, na reli ya Taveta haikuwa kipaumbele cha yeyote. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo ilipouawa. Yaliyofuata yalikuwa mazishi ya polepole. Reli ya kisasa iliyozinduliwa mwaka wa 2017 ina stesheni Voi, lakini haina tawi la kwenda Taveta, na barabara ya lami imechukua mizigo iliyosalia.

Hata hivyo, reli kuukuu hufufuka. Tanzania ilirejesha treni za mizigo kati ya Tanga na Moshi mwaka wa 2019, kisha za abiria. Kenya nayo iliikarabati njia ya Nanyuki, ambayo ilikuwa imekufa kwa miaka mingi, na treni zikarudi mwaka wa 2020. Lakini kati ya Voi na Kahe pengo lingalipo, na mzigo unaopakiwa kwenye behewa mjini Moshi hauwezi kuelekea Mombasa. Ukitaka bahari kwa reli, sharti uende Tanga au Dar es Salaam.