Wadudu wa chini ya mawe ndio mashahidi wa kijito

Kuna kijito nyuma ya shamba la marehemu babu yangu huko Kwale. Miaka michache iliyopita, akina mama walikwenda kuteka maji asubuhi wakakuta povu na harufu mbaya. Tulilalamika. Siku ya nne wakaja maafisa, wakajaza chupa moja, na jibu likarudi kwamba maji ni sawa. Huenda siku hiyo yalikuwa sawa kweli, maana uchafu ulikwisha pita zamani kuelekea baharini.

Tangu hapo nimejifunza kwamba tulimwacha shahidi bila kumuuliza. Shahidi huyo anaishi chini ya mawe.

Katika sakafu ya kila kijito kuna viumbe wasio na uti wa mgongo: mabuu ya wadudu, konokono, kaa, kamba wadogo, ruba na minyoo. Wengi huishi hapo kwa wiki au miezi, na hawawezi kukimbia mbali. Chupa huonyesha maji ya saa ile tu. Viumbe hawa huonyesha yaliyopita siku nyingi nyuma.

Siri ni hewa ya oksijeni. Maji ya choo au taka za kiwandani zikiingia, bakteria huzila na kumaliza oksijeni. Wa kwanza kufa ni wale dhaifu, kama mabuu yenye mikia miwili au mitatu myembamba kama nyuzi, na yale yanayojijengea nyumba ya mchanga na vijiti. Wanaobaki ni wavumilivu: minyoo, ruba, na vile viluwiluwi vyekundu ambavyo wekundu wao ni wa damu inayoshika oksijeni hata ikiwa haba.

Afrika Kusini wametengeneza kipimo rahisi kiitwacho miniSASS, ambacho hata mwanafunzi anaweza kukitumia. Majirani zetu wa Tanzania nao wana mfumo wao wa kitaalamu, TARISS. Katika miniSASS viumbe wamegawanywa makundi 13, na kila kundi lina alama, kuanzia 2 hadi 17. Unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, kisha unagawanya kwa idadi ya makundi. Ukipata minyoo (2), ruba (2), mabuu ya nzi na mbu (2) na konokono (4), wastani ni 2.5: kijito ni mgonjwa hasa. Ukipata wajenzi wa nyumba za mchanga (9), kaa (6) na mabuu ya kereng'ende (6), wastani ni 7, na hapo kuna matumaini.

Vifaa ni wavu wenye matundu madogo, beseni jeupe na daftari. Usitumie chandarua chenye dawa, kitawaua wadudu. Koroga mawe, mchanga na majani ya kandoni kwa dakika tano hivi, hesabu makundi, kisha warudishe majini. Vaa viatu vya mpira, kwa sababu kichocho bado kipo kwetu.

Kipimo hiki kina mipaka. Ni cha maji yanayotiririka. Bwawani na kwenye mikoko hakifai. Baada ya mafuriko ngoja wiki kadhaa, kwa kuwa mkondo huwasomba wote. Wala hakikwambii kama maji ni salama kunywa. Hilo bado ni kazi ya maabara, na maji bado yachemshwe.

Lakini Katiba yetu, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na mwenye haki huhitaji ushahidi. Nasihi yangu kwa shule, madrasa na vyama vya watumiaji maji ni hii: pimeni sasa, kijito kikiwa bado kizima, na mrudie kila msimu. Povu likija tena, mtakuwa na daftari la kuonyesha jinsi kijito kilivyokuwa kabla yake. Sisi mwaka ule hatukuwa na chochote mkononi ila harufu.