Goldorak: waliochekwa jana, leo banacheka wengine

Bandugu, tunapobishana juu ya katuni za zamani na za sasa, tuangalie historia ya Goldorak kule Ufaransa.

Tarehe 3 Julai 1978, Antenne 2 ilianza kuonyesha hii roboti ya Mjapani Go Nagai. Batoto wakaipenda sana. Bakubwa je? Wakasema ni vita tupu, ni michoro ya bei ya chini. Mwaka 1981 Liliane Lurçat aliandika kitabu juu ya mtoto wa miaka mitano aliye peke yake na Goldorak. Mwaka 1989 Ségolène Royal, mbunge, naye akatoa chake juu ya televisheni ya watoto. Aliyependa hizo katuni alichekwa tu: akili ya kitoto.

Sasa muone. Wale batoto walikua. Mwaka 2021 baadhi yao, sasa waandishi na wachoraji, walitoa albamu mpya ya Goldorak. Kilichoitwa takataka kimekuwa urithi. Lakini wengi wa kizazi kile ndio banasema katuni za leo hazina kitu!

Tusisahau: Goldorak ilikuwa na sehemu 74, moja kila wiki kule Japani, kwa hiyo picha zilezile zilirudiwa-rudiwa. Tuliziona nzuri kwani tulikuwa na miaka nane.

Kwa hiyo mtoto akikuonyesha katuni yake, ikae naye, uitazame hadi mwisho. Halafu ndiyo useme.