Utumwa Uliojificha Ndani ya Maneno: Zanzibar baada ya 1897



Dhuluma ya mnyororo humhitaji mhunzi. Haimhitaji mwanaisimu ili itambulike. Iliyo ngumu kutambua ni ile inayosemwa kwa maneno ya heshima na kulindwa na sheria. Mfano wake tunao Zanzibar.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya himaya ya Waingereza iliyoanza 1890, alitoa amri ya kuondoa hadhi ya utumwa mbele ya sheria. Hata hivyo, amri hiyo haikumpa mtumwa uhuru papo hapo. Aliyeutaka ilimpasa auombe mahakamani, na bwana wake aliweza kulipwa fidia. Aliyeupata alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Kwa wengi wasio na ardhi, makazi hayo yalipatikana katika mashamba ya mabwana: walipewa mahali pa kujenga na kulima chakula, nao wakapalilia mikarafuu. Jina la uhusiano lilibadilika, lakini mwenye ardhi alibaki yule yule.

Hali ya suria ilifichika zaidi. Amri ilimweka katika hesabu moja na wake wa nyumba, na kwa hoja hiyo ikamwacha alipo. Aliyekwisha kumzalia bwana wake alikuwa na njia moja tu ya kutoka: kudai kwamba anatendewa ukatili. Hivyo neno "mke," ambalo kwa desturi hubeba haki, lilitumika kumnyima haki waliyopewa watumwa wengine. Kizuizi hicho kilidumu hadi amri ya 1909.

Tulitazame sasa neno lenyewe. "Mtume" na "mtumwa" yote yanatokana na kitenzi "tuma." Mtume hujulikana kwa ujumbe wake na kwa aliyemtuma. Mtumwa amebeba kiambishi cha kutendwa, -w-, naye mtendaji ameachwa nje ya neno. Vivyo hivyo, "mzalia" hutaja kuzaliwa nyumbani bila kutaja kwamba nyumba hiyo ilimmiliki aliyezaliwa. Yafaa basi msomaji wa nyaraka aulize mambo mawili: ni nani atumaye, na je, atumwaye aweza kukataa?

Wapo walioyauliza kabla yetu. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata 1880, aliitwa Mtumwa utotoni. "Siti," yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilopewa baadaye. Mwaka 1928 alirekodi santuri Bombay kwa Kiswahili. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke, na unailaumu mahakama iliyowafunga mashahidi ilhali mshtakiwa ametoroka. Aliyekulia katika jina la kumilikiwa aliitambua dhuluma hata ilipovaa joho la hakimu.

Wanafunzi wangu, mtakaposoma kumbukumbu za mahakama, au mtakapotunga kamusi, msitosheke na neno "huru." Tafuteni masharti yaliyoambatana nalo. Tusipofanya hivyo, tutaendelea kusema kwa lugha ya waliomiliki watu, huku tukidhani tunasimulia historia ya waliomilikiwa.