8 Oktoba 1963: Karatasi ya Mwambao Yasema Nini Hasa?

Kila ifikapo Oktoba, simu yangu hupokea ujumbe ule ule. Unasema Pwani ilikodishwa kwa Kenya kwa miaka 50 tangu uhuru, muda ukaisha 2013, na kwamba kuna watu wameficha mkataba. Wanaoutuma ni watu wazima ninaowaheshimu, na vijana pia. Mwaka huu niliamua kuutafuta mkataba wenyewe. Haukufichwa. Serikali ya Uingereza iliuchapisha mwaka ule ule wa 1963, na leo maneno yake yanasomeka mtandaoni bila malipo. Nawaeleza hapa kilichoandikwa, kwa mpangilio wa tarehe.

Tuanze 1886. Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kuwa Sultani wa Zanzibar ana ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 kutoka baharini. Kwa upande wetu ukanda huo ulifika Kipini, na visiwa vya Lamu vilihesabiwa kuwa vyake. Huu ndio wazee wetu waliouita Mwambao.

Mwaka uliofuata, tarehe 24 Mei 1887, Sultani Barghash bin Said alimpa William Mackinnon na wenzake, wafanyabiashara wa Kiingereza, kibali cha kuusimamia ukanda huo. Muda wa kibali ulikuwa miaka 50. Kwa hivyo karatasi yenye miaka 50 ipo kweli, ila ni ya Barghash na kampuni, miaka 76 kabla ya uhuru. Kenya ilikuwa bado haijazaliwa.

Kampuni ilishindwa na kazi, na serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake. Tarehe 14 Disemba 1895 Sultani Hamad bin Thuwaini aliafikiana na Waingereza kwamba wao watatawala na kukusanya ushuru, naye atabaki mwenye nchi na kulipwa kila mwaka. Ndiyo sababu bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus hadi Disemba 1963, na ndiyo sababu jina rasmi la nchi kuanzia 1920 lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Koloni ilikuwa bara, Himaya ilikuwa sisi.

Uhuru ulipokaribia, swali likawa Himaya itakwenda wapi. Wako waliotaka Mwambao ujitawale au urudi Zanzibar, na wako waliotaka uungane na Kenya. Mwaka 1961 Sir James Robertson alitumwa kuchunguza, akapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya.

Sasa tufike kwenye tarehe yenyewe. Makubaliano ya 8 Oktoba 1963 yaliwahusu Uingereza, Sultani Jamshid bin Abdullah, Serikali ya Kenya na Serikali ya Zanzibar. Ni mafupi mno. Yanasema kwamba siku Kenya itakapopata uhuru, ardhi ya Himaya itaacha kuwa sehemu ya milki ya Sultani na itakuwa sehemu ya Kenya, na kwamba makubaliano ya 1895 yatakoma. Hakuna miaka 50 ndani yake, wala neno la kukodi.

Lakini siku tatu kabla, tarehe 5 Oktoba, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, walibadilishana barua. Ningependa hizo ndizo zitumwe kwenye simu zetu, kwa sababu zina ahadi. Kila mtu atakuwa huru kufuata dini yake. Mahakama za Kadhi zitadumishwa. Maofisa wa utawala katika sehemu zenye Waislamu wengi watakuwa Waislamu, kadiri itakavyowezekana. Watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu. Na hati za ardhi zilizokwisha kuandikishwa Pwani zitatambuliwa daima.

Hapo kwenye hati ndipo penye uchungu. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba ukandani wajitokeze kudai na kuandikishwa, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi hawakupata hati yoyote, ingawa walilima hapo. Barua ya 1963 ilimlinda aliyekuwa na hati. Aliyekosa 1908 haikumtaja. Wengi tunaowaita maskwota leo wanabeba mzigo wa tarehe hizo mbili.

Kwa maoni yangu, ujumbe wa miaka 50 unatudhuru. Unamfanya kijana aamini kwamba haki yake imo katika mkataba uliokwisha muda, na wakili yeyote akiufungua mkataba huo, hoja yote inaanguka pamoja na malalamiko ya kweli. Barua za 5 Oktoba haziwezi kuangushwa hivyo. Mtu anaweza kuzishika na kuuliza ahadi moja baada ya nyingine. Kadhi? Yumo katika Katiba ya 2010, kifungu cha 170. Maofisa, Kiarabu na ardhi? Waulizeni viongozi wenu, mkiwa na barua mkononi.

Tarehe za kuweka:

24 Mei 1887: kibali cha miaka 50 kwa Mackinnon na wenzake.
14 Disemba 1895: Waingereza wakabidhiwa utawala wa ukanda.
1908: sheria ya kuandikisha ardhi ya Pwani.
5 Oktoba 1963: barua za Kenyatta na Shamte.
8 Oktoba 1963: makubaliano ya kuunganisha Mwambao na Kenya.
12 Disemba 1963: uhuru, na mwisho wa makubaliano ya 1895.
12 Januari 1964: mapinduzi ya Zanzibar. Sultani Jamshid akakimbilia Uingereza, na akafariki Oman tarehe 30 Disemba 2024.