Majengo ya Wapi? Fundi Konde na Gitaa la Pwani

Mwaka 2024 ilitimia karne moja tangu azaliwe mpiga gitaa Fundi Konde. Nilitega sikio Mombasa, kuanzia Kibokoni mpaka Tononoka, nikitaraji kusikia walau nyimbo zake zikipigwa mchana kutwa. Sikusikia kitu. Nilichosikia mwaka uo huo ni bendi ya hoteli moja ya ufuoni ikipiga wimbo wake "Tausi" mbele ya wageni waliokuwa wakila kamba wa kuchoma. Mwimbaji alisema tu kwamba sasa ni zamu ya zilizopendwa. Za nani? Hakutaja. Watu wakapiga makofi, bendi ikaingia "Jambo Bwana".

Konde alikuwa Mgiriama wa hapa Pwani, na alizaliwa Mwabayanyundo mwaka 1924. Alipokuwa akikua, Mji wa Kale wa Mombasa ulikuwa mji wa taarabu. Sauti ya mji huo ilikuwa Mbaruk Talsam, kipofu aliyepiga udi na kuimba mpaka santuri zake zikafika mbali. Gitaa halikuwa na kiti pale barazani. Lilikaa upande wa pili wa kisiwa, kwenye kumbi za dansi, pamoja na rumba iliyotua bandarini ndani ya santuri za Kuba. Kampuni ya HMV ilianza kuzileta Afrika mwaka 1933 kwa alama ya GV, na vijana wa Pwani wakazisikiliza mpaka sindano za gramafoni zikawa butu.

Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Konde aliingia Keya, jeshi la mkoloni la KAR, katika kikosi cha burudani kilichotumwa kuwachangamsha askari waliokuwa mbali na kwao. Wanamuziki wa kikosi hicho walifika Madagaska na Ceylon, wakarudi wakiwa wamesikia mambo ambayo wenzao hawakuyasikia. Ndimo ilimotoka bendi ya Rhino, iliyoanzia Uganda, ikapita Nairobi, na mwaka 1948 ikatia nanga Mombasa. Konde yeye alikwenda Nairobi, akapiga katika bendi ya Peter Colmore na kurekodi na HMV. Anatajwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kabisa kupiga gitaa la umeme.

Wengi huishia hapo kwenye umeme. Mzee mmoja wa mtaa wa Kuze, mpiga gitaa tangu ujana wake, aliniambia kwamba umeme si hoja, hoja ni vidole. Akachukua gitaa lake lililofungwa waya mpya kwenye mbao kuukuu. Kwanza alipiga kodi ya C kama wanavyoipiga vijana wa sasa, kavu, noti zake tatu basi. Kisha akaubana waya wa tatu kwenye nafasi ya pili, na A ikaingia katikati. Kodi ikalainika, kama mtu aliyekuwa amesimama akapewa mkeka. Hiyo, alisema, ndiyo jazi ya Konde. Kwetu Afrika Mashariki neno hilo lilitumika ovyo. Morogoro Jazz na Dar es Salaam Jazz zilikuwa bendi za dansi, na "jazz" ilikuwa jina la heshima tu. Lakini kwa Konde jazi ilikuwa ndani ya kodi zenyewe, chini ya Kiswahili kilichonyooka na sauti mbili zinazokwenda sambamba. Na yote hayo aliyabana katika dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 haukubeba zaidi.

Tulipofika kwenye wimbo wake "Majengo Siendi Tena" ndipo tulipogombana, mimi na mzee.

Majengo ya wapi? Yeye haoni swali. Majengo ni hii yetu ya kisiwani, ukitoka Mwembe Tayari kwenda Makupa. Hoja yake: mji wa kwanza wa Mgiriama ni Mombasa, na anayesema haendi tena ni yule aliyekuwa akienda sana. Nikamkumbusha kwamba Konde aliyerekodi alikuwa mtu wa Nairobi, na Nairobi ina Majengo yake, Pumwani, tangu miaka ya 1920. Akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kuiaga Pumwani kwa wimbo mtamu namna ile. Mjukuu wake aliyekuwa akileta kahawa akacheka, akaambiwa aende zake.

Ushahidi, kusema kweli, unaielemea Nairobi. Lakini nikiufikiria tena naona ubingwa wa Konde upo hapo hapo. Moshi ina Majengo. Dodoma ina Majengo. Miji mingi iliyojengwa enzi za mkoloni ilikuwa na mtaa wa jina hilo, wenye vyumba vya kupanga, pombe, wapenzi na majuto. Alichagua jina moja, na kila msikilizaji kutoka Pwani mpaka bara akajiona ametajwa yeye.

Baadaye alifanya kazi ya ufundi studioni, akiwarekodi wengine, na gitaa lake likanyamaza kwa miaka mingi. Waliomrudisha ni watoto wa Pwani wenzake, Them Mushrooms, bendi iliyozaliwa Mombasa mwaka 1972 na iliyotoa hiyo "Jambo Bwana". Walirekodi naye upya, na kizazi kilichokuwa hakijazaliwa enzi za HMV kikamsikia mzee akiimba mwenyewe. Mwaka 1994 kampuni ya Retroafric ya London ikakusanya nyimbo zake za 1947 hadi 1956 kwenye sidii moja. Alifariki mwaka 2000.

Linaloniuma ni hilo la London. Urithi wa mtu wa Pwani, ulioimbwa kwa Kiswahili, umekusanywa na kutunzwa vizuri na watu wa mbali, nao wanastahili shukrani. Sisi tulio nao mdomoni kila Jumamosi tumeugeuza kuwa wimbo usio na mwenyewe. "Malaika" imegombewa na Fadhili William, Adam Salim na Grant Charo, na mgogoro ule, pamoja na uchungu wake wote, umeyaweka majina yao hai. Konde hana hata mgogoro wa kumtaja.

Sanamu wala jumba la makumbusho siombi leo. Nawaomba wapigaji wa hotelini, kuanzia Nyali hadi Diani, jambo la sekunde tano: kabla ya kuipiga "Tausi", shikeni maikrofoni mseme kwamba wimbo huu ni wa Fundi Konde, Mgiriama, mpiga gitaa wa Pwani ya Kenya. Kisha pigeni, na msiisahau ile A katikati.