Tarehe Ipi Ndiyo ya Kutolewa? Melty Blood na Historia Inayoandikwa na Watumiaji

Utangulizi

Wanafunzi wa historia tunafundishwa mapema kwamba tarehe ni hoja. Anayesema jambo lilianza mwaka fulani ameshaamua nani alilianzisha. Katika insha hii nitaijadili kanuni hiyo kwa mfano ambao huenda baadhi ya wasomaji wakauona mdogo, yaani mchezo wa mapigano wa Kijapani wenye sura ya anime, uitwao Melty Blood. Toleo lake linalopendwa zaidi, Actress Again Current Code, lina tarehe tatu za kutolewa: 2010 kwenye mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, mwishoni mwa 2011 kwenye diski ya kompyuta, na Aprili 2016 kwenye duka la Steam. Zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, hoja yangu ni kwamba kuna tarehe ya nne ambayo haimo katika orodha ya kampuni yoyote, nayo ndiyo iliyouokoa mchezo huu.

Mchezo uliozaliwa mezani

Ili kuielewa hoja hiyo, inafaa kwanza kujua mchezo ulitoka mikononi mwa nani. Japani ina utamaduni wa muda mrefu wa kazi zinazotungwa na wapenzi wenyewe bila kampuni, huitwa dojini. Soko lao kubwa ni Comiket, maonyesho yaliyoanza Desemba 1975 na ambayo kwa kawaida hufanyika mara mbili kwa mwaka mjini Tokyo. Kila kikundi hupewa meza, huleta kazi yake, huiuza kwa siku moja, kisha hufunga virago.

Desemba 2000 kikundi kilichoitwa Type-Moon kiliuza hapo Tsukihime, riwaya ya kompyuta yenye picha na sauti za muziki. Kikundi hicho kilianzishwa na marafiki wawili, mwandishi Kinoko Nasu na mchoraji Takashi Takeuchi. Kikundi kingine, Watanabe Seisakujo, ambacho baadaye kilijiita French-Bread, kilikuwa na uzoefu wa kutengeneza michezo ya mapigano. Vikundi hivyo viwili vilishirikiana, na Desemba 2002 wahusika wa Tsukihime wakaanza kupigana katika Melty Blood. Mchezo huo ulitengenezwa kwa ajili ya kompyuta, na sababu yake ni rahisi: kompyuta haikuhitaji kibali cha mtengenezaji wa mashine. Aliyejua kuandika programu na kuchoma diski aliweza kuwa mchapishaji.

Baada ya nyongeza ya mwaka 2004 iliyoitwa Re-ACT, mambo yalikwenda kinyume na ilivyozoeleka. Wakati huo kwa kawaida mchezo wa mapigano ulianzia kwenye mashine za ukumbini, kisha ukaja nyumbani. Melty Blood ulianzia nyumbani, na mwaka 2005 ukapanda hadi ukumbini kwa toleo la Act Cadenza, lililotengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Ecole Software. Mwaka uliofuata ukafika kwenye PlayStation 2, na mwaka 2007 ukarudi kwenye kompyuta. Actress Again ilifuata njia hiyo: ukumbini mwaka 2008, PlayStation 2 mwaka 2009, na toleo lililoboreshwa la Current Code mwaka 2010.

Namna unavyochezwa

Hapa naomba uvumilivu wa msomaji asiyecheza, kwa sababu bila kuzijua kanuni za mchezo hawezi kuona kwa nini historia yake ilikwenda hivyo.

Mchezaji ana vitufe vitatu vya kupigia: chepesi, cha kati na kizito. Kitufe cha nne ni cha ngao. Kabla ya pambano anachagua mhusika, kisha anamchagulia mwezi mmoja kati ya mitatu: Hilali, Nusu Mwezi au Mwezi Mpevu. Mwezi hubadilisha mapigo ya mhusika na namna anavyotumia akiba yake ya nguvu. Kwa kuwa Current Code ina wahusika zaidi ya 30, mchezaji mshindani anakabiliana na namna zaidi ya 90 za kupigana.

Katika michezo mingi ya aina hii mapigo hupanda ngazi, kutoka jepesi hadi zito, na yakifika juu yamekwisha. Hilali na Nusu Mwezi huruhusu kushuka tena: ukishapiga zito unaweza kurudi kwenye jepesi, ilimradi usirudie pigo ulilokwisha kulitumia katika mfululizo uleule. Matokeo yake ni kwamba anayejikinga hajui shambulio litaishia wapi. Mwezi Mpevu umenyimwa ruhusa hiyo, na badala yake umepewa njia nyingine za kuumiza.

Zaidi ya hayo, pambano huenda kasi na sehemu kubwa yake ni ya angani. Mhusika anaruka, anaruka tena akiwa juu, anachomoka mbele bila kugusa ardhi. Ngao nayo inadai wakati sahihi. Ukiibonyeza pigo linapokufikia, unalizuia na unapata nafasi ya kujibu. Ukiwahi mno, umejiacha wazi.

Wakati huo hupimwa kwa fremu. Mchezo huonyesha picha 60 kwa sekunde, hivyo fremu moja ni takribani milisekunde 17. Maamuzi mengi ya Melty Blood hukaa ndani ya fremu chache tu. Mchezo wa namna hiyo hauna kinga dhidi ya ucheleweshaji.

Diski ndani ya kasha la katuni

Mwishoni mwa 2011 Current Code ilifika kwenye kompyuta kwa njia isiyo ya kawaida. Haikuuzwa peke yake. Ilitiwa kama zawadi ndani ya toleo maalumu la sehemu ya tatu ya Carnival Phantasm, mfululizo wa anime za kuchekesha wa wahusika wa Type-Moon. Aliyetaka mchezo alilazimika kununua katuni, tena iliyotolewa kwa soko la Japani.

Kwa zaidi ya miaka minne iliyofuata, mtu aliyekuwa nje ya Japani hakuwa na duka rasmi la kununulia mchezo huu kwa lugha anayoielewa. Hata hivyo uliendelea kuchezwa Marekani, Ulaya na kwingineko. Nakala zilisambaa kutoka mkono hadi mkono, na maelezo ya vitufe yalitafsiriwa na wachezaji wenyewe.

Tatizo lililobaki lilikuwa umbali. Nuru ndani ya waya wa nyuzi husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Tokyo hadi Fukuoka ni kama kilomita 900, kwa hiyo ishara inaweza kufika kabla fremu moja haijaisha. Kutoka Tokyo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 11,000. Hata kama waya ungenyooka kama rula, ishara ingechukua zaidi ya fremu tatu kwenda tu, na waya wa baharini haunyooki. Njia iliyozoeleka ya kucheza mtandaoni ilikuwa kusubiri: kila kompyuta ilichelewesha vitufe vya wachezaji wote wawili hadi habari ifike kutoka upande wa pili. Kwa majirani wa mji mmoja hilo halisumbui. Kwa watu wa mabara mawili, ngao inakuwa bahati nasibu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliolalia kitanda hiki walikuwa wachezaji wa mbali.

Tarehe ya nne

Dawa ilikuwepo tayari. Kuanzia mwaka 2006 Mmarekani Tony Cannon, mmoja wa waandaaji wa mashindano ya EVO, alitengeneza mfumo wa GGPO. Badala ya kusubiri, kompyuta hukisia kwamba mpinzani anaendelea kufanya alichokuwa akifanya fremu iliyopita. Habari ya kweli ikifika na kupingana na kisio, mchezo hurudi nyuma hadi fremu ya kosa, huhesabu upya kila kilichofuata, kisha huonyesha hali sahihi. Kwa kuwa hakuna binadamu anayebadilisha kitufe mara 60 kwa sekunde, kisio huwa sahihi mara nyingi.

Katikati ya muongo wa 2010, wachezaji wa Melty Blood waliandika programu ya CCCaster, iliyoupachika mbinu hiyo mchezo ambao haukujengwa kwa ajili yake. Hawakuwa na ile programu asilia iliyoandikwa na French-Bread. Walilazimika kuuchunguza mchezo ukiwa unatembea ndani ya kompyuta, kujua mahali ulipohifadhi nafasi ya kila mhusika, nguvu zake na pigo lake, ili hali yote iweze kuhifadhiwa na kurudishwa. Walitoa kazi hiyo bure. Steam ilipoleta toleo rasmi Aprili 2016 kupitia Arc System Works, wachezaji wengi wa ushindani walibaki na diski ya 2011 na CCCaster yao.

Pingamizi

Mhadhiri anaweza kuniuliza: je, huku si kuutukuza wizi? Swali ni la haki. Waliotengeneza mchezo walistahili malipo, na nakala nyingi zilizosambaa hazikuwalipa chochote. Sidai kwamba mapenzi ya kazi yanafuta haki ya mtunzi. Ninachodai ni finyu zaidi: mwanahistoria hana ruhusa ya kufuta tendo kwa sababu halikuwa na risiti. Tukiandika kwamba dunia iliupata mchezo huu mwaka 2016, tutakuwa tumeandika historia ya duka. Historia ya mchezo itakuwa imetuponyoka, pamoja na watu walioufanya uendelee kuwa hai hadi duka likaona una thamani ya kuuzwa.

Pia inafaa kukumbuka kwamba Type-Moon na French-Bread wenyewe walianza kwenye meza ya wapenzi, tena Watanabe Seisakujo walijifunza kazi kwa kutengeneza michezo ya wahusika wa kampuni nyingine. Mpaka kati ya mtunzi na mtumiaji katika utamaduni huu haukuwa ukuta tangu mwanzo.

Hitimisho

Septemba 2021 ilitoka Melty Blood: Type Lumina, kwa kompyuta na mashine kuu za nyumbani, ikiwa na mbinu ya kurudi nyuma tangu siku ya kwanza. Mwaka uliofuata ilikuwa miongoni mwa michezo ya EVO mjini Las Vegas. Haikuwa peke yake: GGPO ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu mwaka 2019, mashindano ya ana kwa ana yalifutwa mwaka 2020 kwa sababu ya janga la korona, na kampuni nyingi zikalazimika kuchukua mtandao kwa uzito. Lakini kwa Melty Blood jambo hilo halikuwa uvumbuzi. Kampuni zilikuwa zinafika mahali ambapo wachezaji walikuwa wamekaa kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo nikiulizwa Current Code ilitolewa lini kwenye kompyuta, nitataja 2011 na 2016, kisha nitaongeza kwamba iliwafikia wachezaji wa mbali siku ambayo wao wenyewe waliifanya ichezeke. Sisi tunaoishi kwenye ncha ya mbali ya waya tuna sababu ya pekee ya kuisoma historia kwa namna hiyo. Vitu vingi hutufikia vikiwa vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine, na tarehe iliyoandikwa kwenye kasha haituambii ni nani aliyevifanya vitufae.